Muhuri wa Msikiti na Mtoto wa Mtu

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya karatasi. Hapa kwetu Mbezi Beach mimi ndiye ninayetunza daftari la michango, ninayeandika barua za utambulisho kwa vijana wanaotafuta nafasi katika shule za Kiislamu, barua za kuombea wafiwa msaada wa sanda na gari, na barua kwa serikali ya mtaa kuhusu maji yanayotuama mbele ya lango letu kila masika. Barua nyingi hazinichukui hata robo saa. Huiandika, nikaisoma mara moja, nikaipiga muhuri, na mwenye haja yake akaenda zake. Katika miaka sita nimekataa kuandika barua mbili tu. Ya kwanza haina la kusimuliwa. Ya pili aliiomba baba mmoja kwa ajili ya mwanawe, na kwa kuwa naamini si yeye peke yake mwenye haja ya namna ile katika mitaa yetu, nilimwomba ruhusa ya kuieleza. Ameniruhusu kwa sharti kwamba asitambulikane, nami nimebadilisha kila linaloweza kumfichua.

Mtoto ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Ana sauti laini, mikono yake huzungumza pamoja na mdomo wake, na tangu shule ya msingi marafiki zake wengi ni wasichana. Madrasa amehifadhi juzuu saba, na katika tajwidi hakuna wa rika lake anayemfikia. Hayo yote yalijulikana na hayakumsumbua mtu, mpaka siku simu yake ilipokutwa na mazungumzo ambayo baba yake hakunieleza yalikuwa ya namna gani, wala mimi sikumwuliza. Yaliyositiriwa na Mwenyezi Mungu, katibu hana haki ya kuyafunua.

Baba alikuwa ameshapata mahali pa kumpeleka. Ni nyumba iliyoko nje ya jiji, inayoendeshwa na mtu anayejiita mtaalamu wa tiba na malezi. Huchukua vijana walioshindikana: wavuta bangi, watoro wa shule, wezi wa simu, na hawa ambao baba alishindwa hata kuwatajia jina. Ada ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, muda usiopungua miezi sita. Simu hairuhusiwi. Kwa siku 90 za mwanzo mzazi haruhusiwi kumwona mwanawe. Masharti ya kupokelewa ni picha mbili, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya msikiti inayoeleza tatizo la kijana.

“Huko wanamfanya nini, kaka yangu?” nilimwuliza.

“Wanamsomea, ustadh. Na wanamnyoosha.”

“Wanamnyoosha vipi?”

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Bora arudi na kovu kuliko arudi vilevile.”

Aliyesema maneno hayo ninamfahamu. Ni mtu aliyewahi kumbeba mgongoni jirani yetu mgonjwa usiku wa mvua, toka ndani ya mtaa mpaka barabara ya Bagamoyo, kwa sababu bajaji ziligoma kuingia kwenye tope. Ukatili si tabia yake. Alikuwa amejaa khofu, na ukimsikiliza mtu mwenye khofu kwa makini utagundua kwamba ana khofu zaidi ya moja. Alikhofu maneno ya ndugu zake. Alikhofu akhera ya mwanawe, na yake mwenyewe kama mchunga atakayeulizwa. Na alikhofu dola, kwa sababu Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 154, haina mzaha: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Wakaazi wa Dar es Salaam hatujasahau mwishoni mwa mwaka 2018, pale Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza kuunda kamati ya kuwasaka watu wa aina hii na kuwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilitoa tamko siku chache baadaye kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi. Lakini wazazi walikwisha kujifunza kwamba jina la mtoto linaweza kusafiri.

Nilimwambia anipe wiki moja, nami nikaitumia kusoma.

Wiki hiyohiyo, barazani baada ya swala ya Ijumaa, mazungumzo yalikuwa juu ya sheria za nchi za nje. Ndugu mmoja alikuwa amesikia kwamba Marekani wamepitisha sheria inayomzuia mzazi kumwongoza mwanawe kuhusu mambo ya jinsia, na kwamba ukimwambia mtoto wako hili ni haramu, unafungwa. Wengine wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nimesikia habari hiyo ikirudiwa mara nyingi kiasi kwamba imekuwa kama jambo lililothibitishwa, na kwa sababu hiyo inafaa kuieleza kama ilivyo.

Sheria ya mwanzo ya namna hiyo katika majimbo ya Marekani ilitiwa saini na Gavana Jerry Brown wa California mwaka 2012. Inamhusu mtu mmoja tu: mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni ya serikali, yaani mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili au mshauri nasaha. Mtaalamu huyo amekatazwa kumfanyia mtu aliye chini ya miaka 18 matibabu yanayodai kugeuza mwelekeo wake wa kijinsia. Akifanya, anaitwa na bodi iliyompa leseni. Mzazi anayezungumza na mwanawe nyumbani hakutajwa. Padri katika kanisa lake na imamu katika mihadhara yake hawakuguswa. Majimbo mengine zaidi ya 20 yalifuata kwa sheria zinazokaribiana na hiyo. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: Malta ilitunga ya kwake mwaka 2016, Ujerumani mwaka 2020, na Canada, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022, imelifanya jambo hilo kuwa jinai kwa yeyote alitendaye, awe na leseni au asiwe nayo. Kwa hiyo ndugu yetu wa barazani hakukosea kabisa aliposema kwamba sheria hizi zinakaribia milango ya dini. Alikosea kuzichanganya zote katika chungu kimoja.

Hata huko kwao mjadala haujatulia. Mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la mshauri nasaha wa Colorado, mwanamke Mkristo aitwaye Kaley Chiles, aliyeipinga sheria ya jimbo lake ya mwaka 2019. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye hampi mtu dawa wala hamfungi kamba. Anazungumza tu, na mazungumzo yanalindwa na katiba. Jimbo likajibu kwamba maneno ya mtaalamu mbele ya mgonjwa ni matibabu, na matibabu yana masharti. Mimi niliyesoma fiqhi naliona suali hilo kuwa zito. Neno la mwalimu si sawa na neno la mpita njia, na kila aliyewahi kukaa mbele ya sheikh wake akitetemeka analijua hilo.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa sababu ya kutungwa kwa sheria hizo. Nilidhani nitakuta siasa tupu. Siasa ipo, lakini nilikuta pia kumbukumbu za watu waliojaribu kwa nia njema. Mwaka 1976 Wakristo wa Marekani waliunda mtandao wa huduma ulioitwa Exodus International, kwa lengo la kuwasaidia watu kuacha mapenzi ya jinsia moja kwa sala, ushauri na mafunzo. Walikuwa na imani, fedha na watu wa kujitolea. Mwaka 2013, baada ya miaka 37, walijifunga wenyewe, na kiongozi wao, Alan Chambers, akaomba radhi hadharani kwa waliodhurika. Alikuwa ameshakiri kwamba wengi mno kati ya aliokutana nao hawakubadilika katika matamanio yao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Robert Spitzer, daktari maarufu wa magonjwa ya akili ambaye utafiti wake wa mwaka 2003 ulikuwa tegemeo kubwa la wanaosema kwamba tiba hiyo inafaa, aliukana utafiti wake na kuomba radhi. Nao Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikwisha kupitia tafiti zilizokuwapo na kutoa ripoti mwaka 2009: hakuna ushahidi madhubuti kwamba juhudi hizo hugeuza mwelekeo wa mtu, na upo uwezekano wa madhara, yakiwamo huzuni nzito na fikra za kujiua.

Msomaji ataniuliza: Waislamu tunahitaji ushahidi wa Exodus? Jibu langu ni kwamba mtu akitaka kuchimba kisima, huwauliza waliochimba kabla yake, hata wakiwa wa dini nyingine.

Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Kwa Muislamu hilo halibadilishi hukumu ya tendo. Halali na haramu hazipangwi Geneva, na daktari hatoi fatwa. Lakini hebu tulitazame kwa upande wa pili. Ikiwa jambo hili si ugonjwa, na wenye taaluma ya magonjwa wamesema hivyo kwa zaidi ya miaka 30, basi anayechukua laki tatu na nusu kila mwezi kwa ajili ya dawa yake, anauza nini?

Kwetu Afrika Mashariki mambo yana sura nyingine. Hakuna sheria ya Tanzania inayotaja tiba ya kugeuza mwelekeo wa kijinsia kwa jina lake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 imekwenda upande ulio kinyume, ikaipa mahakama uwezo wa kuamuru kwamba aliyetiwa hatiani apatiwe huduma za kumrekebisha. Mwaka 2021 waandishi wa jarida la openDemocracy waliojifanya wateja waliripoti kwamba vipo vituo vya afya katika Kenya, Uganda na hapa Tanzania vilivyowapa, au kuwaelekeza kwenye, ushauri wa namna hiyo. Hata hivyo, naamini kwamba hatari kubwa kwa watoto wetu haiko kwa mwenye koti jeupe na leseni ukutani. Iko kwa yule asiye na leseni yoyote, ambaye hakuna bodi ya kumwita.

Ndugu zetu Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, wana neno lao, dhaqan celis, maana yake kumrejesha mtu katika utamaduni. Vijana waliozaliwa au kukulia Ulaya na Marekani huletwa Nairobi, Mogadishu au Hargeisa, wengine wakidhani wanakuja likizo, kisha pasi zao zikachukuliwa na wakafungiwa katika nyumba za kurekebishwa. Sababu ni nyingi: ulevi, utoro, hijabu iliyovuliwa, na hizi tabia tunazozizungumzia. Wapo waliosimulia kupigwa na kufungwa minyororo. Denmark ilipitisha mwaka 2019 sheria inayolifanya kuwa jinai tendo la kumpeleka mtoto nje ya nchi katika mazingira yanayohatarisha afya na makuzi yake. Na Septemba 2019, katika mji wa Kaduna, Nigeria, polisi waliingia katika nyumba iliyoitwa madrasa na kuwatoa wavulana na wanaume zaidi ya 300, wengi wao wakiwa na minyororo miguuni. Walipelekwa pale na wazazi na jamaa zao wenyewe, na wengine jamaa hao walikuwa wakilipa. Niliziona picha za siku ile. Walionitia simanzi zaidi walikuwa wale wazazi waliokuja kuwachukua watoto wao, wakisema kwamba hawakujua.

Hawakujua kwa sababu hawakuruhusiwa kuwaona. Siku 90.

Basi sheria yetu inasemaje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kifungu chake cha 13 kinakataza kumtesa mtoto, au kumpa adhabu ya kikatili na isiyo ya kibinadamu, au kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha, pamoja na mila yoyote inayodhuru mwili au akili yake. Hakiishii hapo: kinasema kwamba kumrudi mtoto hakukubaliki kukizidi kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali ya mwili na akili yake. Adhabu ya kukivunja ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke kwa serikali ya mtaa wake. Mwanajamii yeyote, akiwamo katibu wa msikiti. Aidha sheria inataka makao ya kulea watoto yawe na leseni. Nayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka anayetibu kwa njia hizo asajiliwe na baraza lake.

Nilipofika hapo nilirudi kwenye vitabu vyangu vya chuoni, kwa sababu nilijua kwamba kamati haitaridhika na namba za vifungu.

Lipo fundisho la Mtume wetu (s.a.w.) lililopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa ni tabibu, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amelifafanua kwa urefu katika Zad al-Ma‘ad, akapambanua kati ya tabibu hodari aliyetimiza wajibu wake na mjinga aliyejitosa katika miili ya watu. Mjinga analipa. Kwa hiyo fikra ya kwamba anayetibu lazima awe na ujuzi unaotambulikana, na kwamba asiye nao ashitakiwe, haikuanza California. Wanafiqhi wetu waliisoma na kuiandika kwa karne nyingi, nasi tumeiacha rafuni.

Kuhusu kumrudi mtoto, madhehebu yetu ya Shafi imeweka sharti ambalo walimu wetu walilirudia sana: ruhusa ya kumwadabisha imefungamana na usalama wa mwisho wake. Baba au mwalimu akipiga kwa nia ya adabu na mtoto akafa, hatosalimika kwa kusema kwamba nia yake ilikuwa njema. Anadhamini. Mzazi anayesema bora arudi na kovu ameshaukubali mwisho usio salama kabla ya kuanza.

Na kuhusu sauti laini na mikono inayozungumza, wanazuoni walikuwa na upole kuliko sisi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akiisherehesha katika Sahihi Muslim hadithi ya mtu aliyekuwa akiingia nyumbani kwa wakeze Mtume, amenukuu kutoka kwa wanazuoni kwamba wanaume wenye hali za kike ni wa aina mbili. Yupo aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha. Huyo hana lawama, hana dhambi wala adhabu, kwa sababu ana udhuru. Na yupo anayejitia kwa makusudi. Huyo ndiye anayelaumiwa. Ibn Hajar, karne mbili baadaye, ameongeza kwamba aliyeumbwa hivyo aambiwe ajitahidi kuiacha hali hiyo hatua kwa hatua, na akaifasiri kauli ya Nawawi kuwa ni ya yule aliyejitahidi na asiweze. Naileta kauli ya Ibn Hajar kwa ukamilifu wake ili nisionekane nimechagua ile inayonipendeza. Hatua kwa hatua, amesema. Katika maneno yao wote wawili sikuona mnyororo.

Kamati ilikutana usiku wa Jumanne. Tulikuwa saba. Nilieleza ombi bila ya jina, ingawa waliokuwapo wote walimjua. Mjumbe mmoja, mwenye elimu kunizidi, alitoa hoja ya kwanza: kijana wa miaka 15 ni baleghe, kalamu inamwandikia, basi tusijifiche nyuma ya sheria inayomwita mtoto. Nilimkubalia kwamba ni baleghe. Nikamwuliza kama mtu baleghe mwenye akili timamu anaweza kutibiwa bila ya idhini yake. Akafikiri, akasema hapana. Basi wala hatuna haja ya kugombana juu ya miaka, nikamwambia: tukimhesabu mtoto, dola inamlinda, tukimhesabu mtu mzima, idhini ni yake, na yeye hajaulizwa.

Hoja ya pili ndiyo iliyoamua. Barua ilitakiwa kueleza tatizo la kijana. Ningeandika nini? Kumsingizia mtu liwati bila ya mashahidi wanne, kwa madhehebu ya Shafi, ni kadhfi, na adhabu yake inajulikana. Mimi sikuona kitu, wajumbe hawakuona kitu, na hata baba aliona maandishi ya simu tu. Karatasi ile, ikiwa na muhuri wa msikiti, ingekaa katika faili la mtu tusiyemjua, ikieleza juu ya mtoto jambo ambalo katika nchi hii lina kifungo cha miaka 30. Angeweza kuitumia kumdai baba fedha kwa maisha yake yote.

Mzee wetu mmoja, askari magereza mstaafu, ambaye kwa kawaida husinzia kikao kikipita saa nne, alinyanyua kichwa. “Nimefunga milango miaka thelathini,” akasema. “Mlango unamfundisha mtu kudanganya. Akitoka atamwambia baba yake anachotaka kukisikia.” Kura zilikuwa tano kwa mbili. Barua haikuandikwa.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza baba. Hakunifokea, ningependa angefoka. Alisema, “Msikiti umenikimbia, ustadh.” Nilimwambia msikiti hauwezi kumwachia mzigo huu peke yake, na kwamba kesho yake nitakwenda naye mahali pawili. Ilichukua siku nne kukubali, na najua kwamba aliyemfanya akubali ni mkewe, ambaye alikuwa amekuja kwa mke wangu usiku na kumwambia kwamba mtoto hali chakula tangu asikie habari za nyumba ile.

Mahali pa kwanza palikuwa kwa afisa ustawi wa jamii. Alisikiliza, akauliza jina la nyumba, akafuatilia. Haikuwa na leseni ya kulea watoto. Sijui zaidi ya hapo, na shauri liko mikononi mwa wanaohusika.

Mahali pa pili palikuwa kwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya serikali. Baba aliingia na swali lake tayari: je, anaweza kumbadilisha? Daktari, Muislamu mwenye sijda usoni, alimjibu kwamba hawezi kumwahidi mtoto mwingine, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Kisha akaomba abaki na kijana peke yake. Ilipita saa nzima. Alipotuita, kwa idhini ya kijana, alimweleza baba jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua: mwanawe alikuwa halali usingizi kwa wiki kadhaa, na alikuwa ameanza kufikiri kwamba nyumba ingepumzika kama yeye asingekuwapo. Hilo, daktari akasema, ninaweza kulitibu, na tunaanza leo.

Baba alitoka nje akasimama chini ya mwembe wa hospitali kwa muda mrefu.

Mimi nimekaa na kijana mara moja tu tangu hapo, barazani msikitini, baada ya darsa. Sikumwuliza chochote kuhusu simu. Aliyeuliza ni yeye. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba dua ya mzazi dhidi ya mwanawe haina pazia. Nikamwambia ni kweli, na ndiyo maana wazazi wamekatazwa kuwaapiza watoto wao. Akauliza kama baba yake amemwapiza. Nilimwambia niliyoyaona: nimekuwa nikiswali karibu na baba yake mwezi mzima, na kinachosikika kutoka kwake katika sijda ni kilio. Alinyamaza, akaufungua msahafu pale tulipokuwa tumeachia.

Baba huyo bado anataka mwanawe awe kama wenzake. Hajanificha. Anamwambia lililo halali na lililo haramu kama anavyowaambia watoto wake wengine, na hiyo ni haki yake na wajibu wake, wala sheria ya nchi hii haimzuii. Anampeleka kliniki kila baada ya wiki mbili. Wakati mwingine wanakwenda na kurudi bila kusemeshana. Mtoto anakula.

Tangu siku zile wamenijia wazazi wengine wawili na mashaka yanayofanana na hayo, mmoja akitokea Tegeta na mwingine Kunduchi. Nadhani habari kwamba kuna mtu wa kusikiliza nayo husafiri. Kwa sababu hiyo nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja kwa kamati yetu. Linataka msikiti usitoe barua yoyote inayoeleza aibu au tatizo la mtoto kwa mtu binafsi. Linataka kisomo cha ruqya kwa aliye chini ya miaka 18 kifanyike mzazi wake akiwapo, bila ya kupigwa, kufungwa wala kunyimwa chakula. Linataka jina la afisa ustawi wa kata na namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kumsaidia mtoto, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, upande wa wanawake na wa wanaume. Nimeliomba pia kongamano la wazazi na daktari yule, ambaye ameshakubali.

Wajumbe wanne wameshatia saini. Mmoja anataka neno ruqya liondolewe, akikhofu kwamba watu watadhani tunawatuhumu masheikh wetu wote. Mwingine anasema namba 116 upande wa wanaume itazua maneno. Mzee wa magereza ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba hata mzazi akiwapo mlango ubaki wazi, nami nimeliingiza. Tutalijadili tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya swala ya Alasiri.